Tungule (nyanya) zinanyauka kaskazi hii: tazama kabla hujamwagilia

Swali, kutoka kwa mkulima wa Bambi, Unguja: "Assalaam alaykum. Nimepanda miche 400 ya tungule, ina wiki saba tangu kuihamisha kitaluni na imeshaanza kuzaa. Tangu joto la kaskazi lilipozidi, mchana majani yote yanalala. Jioni mingi inainuka, ila safu mbili za upande wa bondeni haziinuki, na miche 11 imeshakufa ikiwa bado mibichi. Namwagilia asubuhi na jioni kila siku. Hapo bondeni msimu uliopita palikuwa na mabilingani. Jirani mmoja kanishauri niongeze urea, mwengine anasema nipige dawa ya ukungu. Nifanye lipi?"

Waalaykum salaam. Kwa leo usifanye lolote kati ya hayo mawili, na zile safu za bondeni usizimwagilie mpaka uzikague. Maelezo yako yanaonesha una matatizo mawili katika shamba moja: kiu ya mchana kwenye safu za juu, na bondeni huenda ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoziba mishipa ya shina. Dawa ya moja inalizidisha la pili.

Jani linalala pale maji yanayotoka juu yanapozidi yale yanayopanda kutoka chini. Huko chini kizuizi kinaweza kuwa udongo mkavu, udongo uliojaa maji, chumvi, mizizi iliyoliwa, au mishipa ya shina iliyoziba. Ukisimama shambani saa 8 mchana, kwa jua la Januari, yote hayo yanafanana. Ndiyo maana mkulima akiona majani yamelala hukimbilia ndoo, na mara nyingi anaumwagia maji mche unaokufa kwa maji.

Saa ya kukagua ni alfajiri. Leo mchana pita na vitambaa au vijiti, uweke alama kila mche uliolala. Kesho saa 12 asubuhi, kabla hujagusa ndoo, pita tena. Mche uliosimama imara, majani yamekaza, ulikuwa ukijikinga na jua tu. Mizizi yake inafanya kazi, lakini mchana haikuweza kwenda sambamba na joto na upepo. Ule uliolala hata alfajiri, wakati hakuna jua wala upepo, una kizuizi cha kweli. Rudia asubuhi tatu mfululizo, kwa sababu mnyauko wa bakteria nao siku ya kwanza na ya pili huinuka usiku. Kinachoutambulisha ni kwamba kila siku unalala mapema zaidi: jana saa 7, leo saa 5, kesho saa 3, halafu hauinuki tena.

Ukishaigawa miche hivyo, chimba. Kaa kiasi cha sentimita 15 kutoka kwenye shina, chukua kijembe kidogo, shuka sentimita 15 na utoe konzi ya udongo wa chini. Kinongo, yaani udongo mwekundu, chenye unyevu wa kutosha ukikiminya kinashikana, na ukikigusa kwa kidole kinavunjika. Kikimwagika kama kilivyo, ni kikavu. Kikinata mkononi na kutoa maji, hasa kwenye kinamo (udongo mzito wa kunata) cha bondeni, mizizi imekosa hewa, na mara nyingi utasikia harufu ya uozo. Kosa tunaloliona zaidi katika miezi hii ni udongo uliolowa sentimita tano za juu tu, na chini ni mkavu kabisa. Anayemwagilia kidogo kidogo mara mbili kwa siku huishia hapo, kwani mizizi hupanda juu kufuata maji, na huko juu ndiko kunakochomwa na jua.

Sasa mizizi na shina. Kwenye zile safu mbili chagua mche ulionyauka jana au juzi, usichukue uliokauka. Uchimbue pamoja na udongo wake, usiuvute kwa mkono, maana ukiuvuta mizizi midogo inabaki chini na ushahidi wenyewe ndio huo. Ukung'ute polepole, uuoshe kwenye ndoo.

Ukiona mizizi ina vinundu ambavyo ni sehemu ya mzizi wenyewe na havibanduki kwa ukucha, hiyo ni minyoo fundo, na inapenda udongo wa mchanga. Ukiona mizizi ya kahawia, laini, ngozi inavuka na kuacha uzi katikati, imezama na maji. Tazama shina pale linapokutana na udongo. Ukungu mweupe uliolizunguka, wenye punje ndogo za milimita 1 hadi 2 zinazoanza nyeupe na kuishia kahawia, ni uozo wa kitako, unaopenda joto na unyevu pamoja, hasa majani yaliyooza yakiachwa yamegusa shina. Shina lililokatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota, kiwavi mkata miche. Fukua pembeni yake utamkuta amejikunja. Lililotobolewa na kujazwa udongo ndani ni mchwa.

Kama kwa nje hakuna kitu na mizizi ni mizima, pasua shina kwa urefu kuanzia kitakoni. Chini ya ganda kuna mishipa inayopandisha maji, na katika mche mzima ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Ikiwa ya kahawia, umebakiwa na magonjwa mawili ya kuyatenganisha, nayo yanatenganishwa kwa gilasi ya maji.

Chukua gilasi inayoonesha vizuri, ujaze maji safi, uiweke mahali pasipo upepo na nyuma yake pawe peusi. Kata kipande cha shina cha sentimita 6 hadi 8 kutoka juu kidogo ya ardhi, kwa kisu safi. Futa udongo na utomvu uliotoka kwa kisu. Choma kijiti kwenye ncha ya juu ya kipande ili kikae juu ya mdomo wa gilasi, ncha ya chini iingie ndani ya maji kiasi cha sentimita moja. Usitikise. Tazama ncha ya chini kwa dakika tano. Kama ni bakteria, nyuzi nyeupe kama tui zitaanza kushuka kutoka kwenye mduara wa mishipa, moja moja, zikielekea chini bila kukatika, na baada ya muda maji yote yatageuka meupe kama yaliyotiwa tui. Ukipata vumbi kidogo la mara moja, hiyo ni tope ya kisu. Rudia kwa mche mwengine, na uweke na gilasi ya pili yenye kipande cha mche mzima ili upate cha kulinganisha. Ni kipimo cha shambani chenye kusema wazi, na hakina gharama.

Nyuzi zisiposhuka, na majani ya chini yalitangulia kugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mche au hata nusu moja ya jani, na kahawia ile imepanda juu sana ndani ya shina, huo ni mnyauko fusari, unaoletwa na ukungu wa udongoni. Wewe umesema miche inakufa ikiwa mibichi, haraka, upande wa bondeni, penye unyevu, palipokuwa na mabilingani. Kabla hata ya gilasi, dalili zote zinaelekea mnyauko wa bakteria. Pima hata hivyo, kwa sababu ardhi hiyo utaipangia miaka kwa kutegemea jibu utakalolipata.

Bakteria hawa, *Ralstonia solanacearum*, wanakaa udongoni na kwenye maji. Huingilia kwenye vidonda vya mizizi: palipokatwa na jembe wakati wa kupalilia, palipotobolewa na minyoo, au pale tu mizizi midogo inapochipukia. Wakishaingia huzaana ndani ya mishipa ya maji na kutoa ute unaoiziba. Mche unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa, na kwa sababu unakufa kwa siku chache, majani hayapati hata muda wa kugeuka manjano. Joto la nyuzi 30 hadi 35 pamoja na unyevu ndiyo hali wanayoitaka, na kaskazi yetu ikiongezewa umwagiliaji inawapa vyote viwili.

Hapo ndipo utaona kwa nini ushauri wa majirani, ingawa ni wa nia njema, haufai. Dawa ya ukungu inaua ukungu, hawa ni bakteria. Hata dawa za shaba, ambazo husaidia madoa ya bakteria kwenye majani, hazifiki ndani ya mishipa. Hakuna dawa ya dukani inayouponya mche uliokwisha kushikwa, na anayekuuzia moja kwa ahadi hiyo anakupotezea pesa. Urea nayo ikiyeyuka udongoni huvuta maji kama chumvi. Ukiiweka kwenye mche ambao mizizi yake haivuti maji, unaikausha zaidi, na kwenye ile mizima unachochea majani mengi laini yatakayodai maji mengi zaidi mchana.

Ukiziona zile nyuzi, kazi ya wiki hii ni kuuzuia ugonjwa usisambae. Ng'oa kila mche ulionyauka pamoja na mizizi na udongo ulioushikilia, utie moja kwa moja kwenye gunia hapo hapo. Usiuburure katikati ya safu. Ng'oa na mche mmoja wa kila upande wa ule uliokufa, hata kama unaonekana mzima, kwani mizizi yao imeshagusana. Inauma kuutoa mche wenye matunda, lakini huo ndio unaopeleka ugonjwa kwa wa tatu. Matunda yaliyokomaa unaweza kuyachuma ukala, hayana madhara kwa mtu. Vichome vilivyobaki mbali na shamba. Usivitupe mtaroni, usivitie kwenye shimo la mboji, na usiviache pembezoni viliwe na mvua.

Maji ndiyo yanayoupeleka ugonjwa mbali kuliko kitu chochote. Kama unamwagilia kwa mfereji unaopita safu hadi safu, uzibe leo kwenye hizo mbili. Bahati yako ni kwamba zipo upande wa chini. Zingekuwa juu, maji yangeshusha ugonjwa shamba zima. Mwagilia miche mizima kwanza, safu zenye ugonjwa ziwe za mwisho, kwa kopo na kwenye shina moja moja. Palizi na kupunguza vichipukizi fuata mpango huo huo, na ukitoka kwenye safu hizo usirudi juu na jembe lile lile wala na viatu vyenye tope. Osha jembe na kisu kwa sabuni mpaka udongo utoke wote, kisha lowesha kwenye jiki iliyochanganywa: kama chupa imeandikwa 3.5%, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji, dakika kumi. Jiki juu ya tope haifanyi kazi, kwa hivyo usianze nayo kabla ya sabuni. Suuza baadaye, inakula chuma. Pale chini usipalilie kwa jembe tena msimu huu. Ng'oa magugu kwa mkono, na mnavu uwe wa kwanza, maana ni wa ukoo mmoja na tungule na unawafuga bakteria hawa hata shamba likiwa limepumzika.

Mashimo yaliyobaki usiyajazie miche mipya ya tungule. Itakufa.

Sasa zile safu za juu, zinazolala mchana na kuinuka jioni, ambazo ndizo nyingi na zinaokoleka. Tatizo lake ni maji yanavyotolewa. Tungule zinazozaa, kwa joto hili, zinahitaji milimita 5 hadi 6 za maji kwa siku, yaani lita 5 hadi 6 kwa kila mita mraba. Ukiwa umepanda kwa nafasi ya mita 1 kwa nusu mita, kila mche una nusu mita mraba, kwa hiyo ni lita 2.5 hadi 3. Kwa miche 400 ni lita 1,000 hadi 1,200, au ndoo 50 hadi 60 za lita 20 kila siku. Hesabu ndoo zako kwa kweli. Ukikuta unatoa 30, umeshapata jibu la nusu ya shamba.

Kwenye kinongo yatoe maji hayo kwa mara moja, kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, taratibu, mpaka yafike sentimita 20 hadi 30 chini. Ukimaliza, saa moja baadaye chimba mahali pamoja uhakikishe. Kwenye udongo wa mchanga, ambao hauhifadhi, gawa mara mbili, asubuhi na saa 10 jioni. Usiku shina na majani yasibaki yamelowa. Na kama unatumia mpira mweusi uliolala juani, mwaga kwanza maji yaliyomo ndani pembeni, maana mchana yanatoka ya moto wa kuunguza mizizi. Mwendo huu wa maji ya kutosha kwa mpangilio ndio utakaokuondolea pia ule weusi wa kitako cha tunda, ambao wengi huutibu kwa dawa bure.

Halafu funika udongo. Nyasi kavu au majani makavu ya mgomba, unene wa sentimita 5 hadi 7, kuanzia safu hadi safu, lakini acha sentimita 10 wazi kuzunguka kila shina. Nafasi hiyo ni muhimu kwa sababu ya ule uozo wa kitako na mchwa. Makumbi ya nazi yaliyochanwa yanashika unyevu vizuri, ila yakitoka kwenye mashimo ya ufukweni yalikolowekwa yana chumvi. Yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara mbili au tatu kwanza. Kivuli cha makuti kikiwekwa upande wa magharibi kinakata jua la alasiri, ambalo ndilo kali. Usifunike juu moja kwa moja, tungule bila jua la asubuhi hazizai. Na usipunguze majani katika kipindi hiki hata kama shamba limesongamana, matunda yatababuka.

Majani yaliyojikunja kwa juu, mazito, lakini hayakulegea, hayo hayanyauki. Mche unapunguza eneo la kupigwa jua. Ila yakiwa madogo, ya manjano pembezoni na mche umedumaa, geuza uangalie nzi weupe chini ya majani, hao wanaleta virusi na ni habari nyengine kabisa. Maua kudondoka wakati huu pia ni joto, na mbolea haiyarudishi.

Kuna jambo moja hukulitaja: kisima. Kaskazi inapoendelea maji yasiyo na chumvi ya chini ya ardhi yanapungua na chumvi inapanda, na kwa wenzetu wa Paje, Jambiani na Makunduchi, wanaolima juu ya maweni karibu na pwani, hilo ndilo la kwanza kulishuku. Dalili yake ni ncha na kingo za majani ya zamani kukauka kahawia, na ukoko mweupe juu ya udongo ukikauka. Ulimi hautoshi kupima. Kuna kipimo kidogo cha mkononi kinachoonesha maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, nambari inapanda. Tungule hazipungui mazao maji yakiwa chini ya desisimensi 1.7 kwa mita, yaani mikrosimensi 1,700 kwa sentimita. Kwenye 2.3 utapoteza kama sehemu moja ya kumi ya mazao, kwenye 3.4 robo, kwenye 5 nusu. Wewe uko mbali kidogo na pwani, lakini pima mara moja ili uliondoe kwenye hesabu.

Mbolea isubiri mpaka safu za juu zisimame imara mchana kwa siku kadhaa. Hapo ukitaka urea, gramu 5 kwa mche, ambayo ni kifuniko kimoja cha soda kilichosawazishwa, sentimita 10 kutoka kwenye shina, ifukiwe na imwagiliwe hapo hapo. Samadi ya kuku isiyooza usiisogeze karibu kabisa.

Kuhusu bonde, likithibitika ni bakteria, usirudishe hapo tungule, bilingani, nyanya chungu, pilipili wala viazi mbatata kwa miaka mitatu au zaidi, na tangawizi pia iache. Njugu nyasa, ambazo tunazipendekeza sana palipo na minyoo fundo, hapa siyo salama, maana nazo zinashikwa na bakteria hawa. Masika panda mahindi, au mpunga kama maji yanatuama. Ukija kurudisha tungule, inua matuta sentimita 30, chimba mtaro wa kutolea maji, na tafuta mbegu iliyoandikwa herufi Rs kwenye pakiti, ndiyo alama ya kustahimili bakteria hawa. Fol ni ya fusari, na Mi, Ma, Mj ni za minyoo fundo. Muuza duka asipoweza kukuonesha herufi, usilipie bei ya mbegu bora. Ustahimilivu huo nao unashindwa pakiwa na joto na maji mengi, hivyo msimu wa kipupwe, kuanzia Juni, ndio wa kujaribia bonde hilo.

Njia ya uhakika zaidi ni kubebesha tungule juu ya shina la bilingani linalostahimili. Aina inayotumika sana kwa kazi hiyo ni EG203, iliyosambazwa na Kituo cha Kimataifa cha Mboga. Bilingani inatangulia kusiwa siku chache, na vyote viwili vikifika unene wa milimita 2 vinakatwa mshazari, vinaunganishwa kwa kipande cha mpira laini, na kuwekwa kivulini penye unyevunyevu wiki moja. Si bilingani yoyote ya sokoni itafaa. Zile ulizokuwa nazo bondeni huenda ndizo zilizowalea bakteria bila wewe kuona zikifa. Muulize bibi shamba au bwana shamba wa shehia yako, au nenda Taasisi ya Utafiti wa Kilimo pale Kizimbani ukiwa na mche mzima ulionyauka, mizizi yake na udongo wake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Uchimbue asubuhi ya siku hiyo hiyo, na usiutie maji.